Baiskeli ya milimani Mwanza: mlima wenyewe uko wapi?

Taja baiskeli ya milimani kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Mwanza, hakosi mtu wa kuuliza: mlima wenyewe uko wapi? Swali ni la haki. Kilimanjaro na Meru ziko mbali, Usambara mbali zaidi. Hapa kwetu maji ya ziwa yako mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya mawe vinavyoupa mji sura yake, kuanzia Bugando hadi Isamilo, vinatosha kumtoa mtu jasho lakini havitoshi kuitwa safu ya milima. Halafu kuna hoja ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Msukuma amepanda baiskeli tangu enzi za babu zake. Amebebea pamba, mkaa, maziwa na hata wagonjwa, na hakuhitaji gia ishirini na moja wala shokapu. Huyu anayevaa kofia ngumu Jumamosi asubuhi, akaingia vijijini na kurudi mikono mitupu, anatafuta nini?

Jibu fupi ni kwamba raha ya mchezo huu haina uhusiano mkubwa na urefu wa mlima. Inatokana na ardhi inayobadilika chini ya tairi, na ardhi ya Usukuma hubadilika haraka, tena kwa mpangilio unaoweza kujifunzwa. Jibu refu linaanzia mbali kidogo.

Miaka ya 1970, kaskazini mwa San Francisco nchini Marekani, vijana wa Marin walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye tairi nene na breki ya kurudisha pedeli nyuma, wakizipandisha kwenye miinuko ya Mlima Tamalpais na kushuka nazo mbio kwenye njia za vumbi. Mashindano yao, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack kwa sababu breki ya nyuma ilipata moto mpaka grisi yote ikaungua, na ikabidi ifunguliwe na kupakwa grisi mpya kabla ya kushuka tena. Miongoni mwao walikuwamo Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly, watu ambao baadaye waliunda na kuuza baiskeli mahususi kwa kazi hiyo. Kufikia mwaka 1996 mchezo ulikuwa umeingia kwenye Olimpiki ya Atlanta. Ninachotaka ukione kwenye kisa hiki ni kwamba zile baiskeli za kwanza zilikuwa chuma kizito chenye gia moja, ndugu kabisa wa ile baiskeli ya Phoenix iliyoegeshwa chini ya mwembe wa babu yako. Kilichozitofautisha hasa ni unene wa tairi, na kwamba waliozipanda hawakuwa na mzigo wala safari ya lazima.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Ukiacha lami pale Usagara au Kisesa ukashika njia ya ndani, utaona nchi imekaa kwa mawimbi mapana. Juu ya kila wimbi kuna mawe. Ni mawe ya matale (graniti) yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, sehemu ya msingi wa kale wa bara hili, na jua na mvua vimeyamenya tabaka kwa tabaka mpaka yakabaki mabonge yaliyorundikana. Kinachomenyeka hakiendi mbali. Chembe nzito hubaki karibu na miguu ya mawe, chembe nyepesi huchukuliwa na maji kuelekea bondeni. Matokeo yake ni kwamba ukishuka kutoka kileleni hadi bondeni, mwendo wa kilomita moja au mbili tu, unapita udongo tofauti uliojipanga kwa zamu, na ukipanda wimbi linalofuata unaupita tena kwa mpangilio wa kinyume. Wakulima wa Kisukuma waliupa kila udongo jina lake kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Aliyekuja kuueleza kwa lugha ya sayansi ni Geoffrey Milne, mtafiti wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanga. Katikati ya miaka ya 1930 alitumia neno katena kwa mfululizo wa namna hii alioukuta Afrika Mashariki, na neno hilo sasa limo katika vitabu vya udongo dunia nzima.

Mkulima anasoma mfululizo huu kujua wapi apande mihogo na wapi mpunga. Mwenye baiskeli anausoma kwa makalio na viganja.

Juu kabisa, penye mawe, jiwe kavu lina mkwaruzo mzuri. Tairi linashika hata kwenye mteremko unaoonekana wa kutisha, na anayeanza hushangaa kugundua kwamba pale anapoogopa ndipo penye usalama kuliko sehemu nyingine za njia. Hatari iko chini kidogo, kwenye luseni, mchanga mkavu wa chembe kubwa unaozunguka vilima. Luseni humeza gurudumu la mbele. Mtu akiona mchanga hushtuka, anabana breki, anaegemea usukani, na hayo mawili ndiyo hasa yanayomwangusha: uzito ukienda mbele gurudumu linazama, likizama usukani unageuka wenyewe. Dawa ni kufanya yale ambayo mwili haupendi. Sogeza makalio nyuma, legeza mikono, punguza gia kabla hujaingia, kisha kanyaga mfululizo bila kusita. Baiskeli itayumbayumba. Iache iyumbe.

Ukishuka zaidi unakuta itogolo, udongo wa kijivu ulioshikana, ambao kiangazi unakuwa mgumu na mtupu kiasi kwamba hata nyasi huota kwa kubahatisha. Hapa baiskeli inaruka. Baada ya kuhangaika na mchanga, ghafla huna kinachokuvuta, na kasi inapanda bila wewe kuongeza nguvu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na inakuja bila kutangazwa. Lakini itogolo hiyohiyo ikinyeshewa inateleza vibaya, na wenyeji wameigeuza majaruba ya mpunga kwa sababu maji hayapenyi chini. Kingo za majaruba ni nyembamba, zinapendeza kwa jicho la mpenda baiskeli, na usizikanyage. Mtu alizijenga kwa jembe.

Mwisho ni mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kushika tairi jembamba. Masika ni habari nyingine kabisa. Udongo huu una mfinyanzi unaovimba ukinywa maji, na unang'ang'ania tairi kama ugali kwenye mwiko. Kila mzunguko unaongeza tabaka, mpaka nafasi kati ya tairi na fremu inajaa, na gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo hakuna ufundi unaosaidia. Unabeba baiskeli begani, sasa ikiwa na uzito wa ziada wa tope, na unaanza kuelewa kwa nini babu alijua kusoma mawingu. Mvua kubwa huku huanguka Machi hadi Mei, na nyingine kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Kati ya Juni na Septemba njia ni kavu, na ndio msimu wa kuingia mabondeni. Miezi mingine baki juu, kwenye luseni, kwa sababu mchanga una tabia ya ajabu: ukilowa kidogo unashikana, na njia iliyokuwa mateso mwezi wa Agosti inakuwa laini na ya haraka asubuhi baada ya manyunyu.

Ndiyo maana tairi ni jambo kubwa kuliko gia. Phoenix ina tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka linalia ukiligonga, kwa sababu kazi yake ni kubeba gunia kwenye njia ngumu. Tairi la baiskeli ya milimani lina upana wa inchi 2 na zaidi, na halijazwi sana. Wengi hukaa kati ya psi 25 na 35, kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi, kulingana na uzito wa mpandaji. Likiwa na upepo kidogo linajitandaza juu ya mchanga badala ya kuukata, na linameza kokoto badala ya kurushwa nazo. Fundi wa kando ya barabara hatakuelewa. Ukimpa pampu ataijaza mpaka iwe jiwe, kwa nia njema kabisa, na kilomita tano baadaye utashangaa kwa nini meno yanagongana. Mshukuru, lipa, ukifika mbele toa upepo.

Gia zina kazi yake pia. Kwenye baiskeli ya kawaida ya gia moja, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 4 na zaidi, hesabu nzuri kwa tambarare. Baiskeli ya milimani yenye gurudumu la inchi 26, ukiweka meno 22 mbele na 34 nyuma, inakusogeza mita 1.3 hivi tu. Unakwenda polepole hadi kuku wanakupita, lakini unapanda ukiwa umeketi pale ambapo mwenye gia moja anashuka na kusukuma. Sioni aibu katika kusukuma, wala sioni sifa katika kutosukuma. Tofauti ni kwamba ukibaki juu ya kiti, macho na mikono yanaendelea na kazi yao ya kusoma njia.

Na kazi hiyo ndiyo kiini cha raha ambayo wengi huihisi bila kuweza kuieleza. Ukienda kilomita 15 kwa saa, unapita mita 4 na kidogo kila sekunde. Ili mwili uwe na sekunde mbili za kuamua, jicho lazima likae mita nane mbele, kwenye jiwe lile au mzizi ule, huku kilicho chini ya gurudumu ukiwa umekwisha kukiamua na kukisahau. Akili inayofanya hivyo haina nafasi ya kukumbuka deni la kikoba wala ujumbe wa bosi. Kwenye lami mawazo yanarudi, kwa sababu lami haihitaji kusomwa. Kwenye mchanga wa Sangabuye hayarudi. Mtu anarudi nyumbani amechoka miguu lakini kichwa kimepumzika, na anadhani ni hewa ya shamba. Hewa imo, lakini naamini sehemu kubwa ni ule usomaji.

Kuhusu faida za mwili tusiimbe sana, maana zinajulikana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu yake kama ni mazoezi makali, na safari moja ndefu ya vijijini inaweza kuchukua sehemu kubwa ya hizo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia zaidi ya watu 260,000 nchini Uingereza, ulikuta wanaokwenda kazini kwa baiskeli wana uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi cha utafiti kwa asilimia 41, wakilinganishwa na wanaokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Namba hiyo itumie kwa kiasi. Anayepanda baiskeli kwenda kazini mara nyingi tayari ana afya kuliko mwenzake, na watafiti wenyewe wanajua kwamba kufuatana kwa mambo mawili si ushahidi kwamba moja limeleta jingine. Lililo wazi zaidi ni hili: magoti yanapumzika. Mtu mzito ambaye kukimbia kunamuumiza anaweza kukaa saa tatu juu ya baiskeli, moyo ukifanya kazi, viungo vikiwa havipokei kishindo cha kila hatua.

Kitu kimoja ambacho hakimo kwenye vitabu vya mchezo huu, kwa sababu vimeandikwa mbali na hapa, ni upepo wa ziwa. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, na asubuhi hewa inatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi kavu inapata joto haraka, na hewa inageuka: inatoka ziwani kuja kwetu. Mvuvi anaufahamu mzunguko huu vizuri, kwa sababu ndio unaochangia dhoruba za usiku ambazo huchukua maisha ya watu katikati ya ziwa. Kwa mwenye baiskeli maana yake ni ndogo lakini tamu. Ukianza safari yako mjini asubuhi kuelekea bara, kwa mfano Misungwi, utapigana na upepo kwenda, na ukirudi saa tisa alasiri utapigana nao tena, mara hii upepo ukitoka ziwani. Watu wengi hulaumu miguu yao. Panga kinyume: asubuhi elekea ufukweni, mchana elekea bara. Utasukumwa pande zote mbili.

Saa nayo ina lake. Mwanza iko magharibi ya mbali katika ukanda wetu wa saa, kwa hiyo jua linachomoza karibu saa moja kasorobo. Anayezoea Dar akipanga kuondoka saa kumi na mbili kamili atakuta giza. Lakini usichelewe sana baada ya hapo. Ikifika saa nne jua limekomaa, na mawe yanaanza kurudisha joto. Maji beba ya kutosha, nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya safari, na usitegemee duka la mbele. Chakula ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kuna vijana wanaonunua vibanzi vya sukari vya kutoka nje kwa bei ya kuku mzima, ilhali matobolwa na karanga za kukaanga ziko sokoni: viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, vyepesi mfukoni, haviyeyuki, na wanga wake unakaa tumboni muda mrefu.

Njia unazopita hazikuchimbwa kwa ajili yako. Nchi zilizoendelea katika mchezo huu hutumia fedha nyingi kuchonga vijia vyembamba msituni, na vyama vya wapanda baiskeli huvitunza kwa kujitolea. Huku kijia kipo tayari. Kimechongwa na kwato za ng'ombe wanaoshuka ziwani kunywa, na miguu ya watoto wa shule, na baiskeli zenye ndoo za maji zinazokwepa mashimo ya barabara kubwa mpaka zimejitengenezea njia pembeni. Hilo ni bahati kubwa, na lina masharti ambayo hayajaandikwa popote.

Mwenye mzigo ana haki ya njia. Anayepandisha magunia mawili ya mkaa akisimama hawezi kuanza tena bila msaada. Wewe usiye na kitu shuka pembeni. Ng'ombe wakija, simama kabisa, mwache mchungaji awapitishe, kwani mlio wa breki za disiki unaweza kuwatawanya hadi kwenye pamba ya jirani na mzozo ukawa wako. Ukiona eneo lenye nyasi ndefu zilizohifadhiwa kiangazi kikali, wakati kila mahali pengine pameliwa, hiyo ni ngitili, akiba ya malisho ya ukoo au kijiji. Zunguka. Na salimia. Wakati wa asubuhi "Mwangaluka" inafungua njia ambayo ramani ya simu haina. Mzee akikujibu, mpe nafasi aulize unatoka wapi na kwenu ni nani, maana hii ni nchi ya sungusungu, ulinzi wa vijiji uliozaliwa Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mgeni anayepita mbio, amefunika macho kwa miwani meusi, bila kumsemesha mtu, anaacha maswali nyuma yake. Atakayefuata ndiye atakayeyajibu. Ukielekezwa njia, "wabeja", yaani asante, inatosha.

Hoja ya yule wa kijiweni kuhusu baiskeli ya kazi, ile Phoenix, bado haijajibiwa yote. Anasema kweli kwamba baiskeli yake inafika kokote. Ninachoweza kumwambia ni kwamba inafika kwa kazi, na kazi ina njia yake fupi. Mtu mwenye samaki wa kuuza hawezi kuzunguka kilima ili aone upande wa pili una nini. Sijui wangapi kati ya wanaoishi Nyakato au Buhongwa wamewahi kuingia Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement kutoka Kanada, ingawa wanapita karibu kila wanapokwenda Musoma. Ni mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka katikati ya mji. Kwa basi ni mahali pa kupita. Kwa baiskeli, ukipitia njia za nyuma, ni safari ya asubuhi nzima.

Kuhusu chombo chenyewe nina msimamo, na wauzaji hawataupenda. Usianze na baiskeli mpya yenye shokapu mbele na nyuma. Za bei ya chini shokapu zake za nyuma ni chemchemi tu inayokunyonya nguvu, na za bei ya juu zina vifaa ambavyo hutavipata Mwanza vikiharibika. Tafuta ya mtumba, fremu nzima isiyo na nyufa kwenye maungio, gurudumu la inchi 26 kama unataka tyubu na tairi zipatikane hata kwenye magulio. Gurudumu la inchi 29 linavuka mashimo vizuri zaidi, hilo halina ubishi, ila pancha ikikukuta mbali na mji usikose tyubu yako ya akiba. Fremu ya chuma fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuiokoa. Ya alumini anaweza kuimaliza. Breki za disiki zinashinda za kubana rimu kwenye tope na mchanga, kwa sababu mchanga wa luseni ukinaswa kati ya kipande cha breki na rimu unasaga rimu kila unapobana. Mchanga huohuo ndio adui wa cheni. Una chembe za madini ya kwazi (quartz) ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na ukichanganyika na oili nyingi unakuwa dawa ya kusagia meno ya gia. Kwa hiyo oili kidogo, tone kwa kila kiungo, kisha futa kwa kitambaa mpaka cheni ionekane kavu. Mafundi wetu wengi hufanya kinyume, na cheni inang'aa kwa siku mbili.

Pancha itakupata. Mbigili zinatambaa chini kando ya vijia na mbegu zake zenye miiba hubaki baada ya mmea kukauka. Migunga nayo inadondosha matawi. Kuna majimaji ya kuziba pancha yanayomiminwa ndani ya tairi na kuganda kwenye tundu, na yanafaa sana kwa miiba midogo. Hata hivyo beba viraka, gundi na pampu.

Ziwa nalo linakaribisha kuliko inavyofaa. Umefika ufukweni Kayenze, umejaa vumbi na chumvi ya jasho, maji yako hatua kumi mbele yako. Usiingie. Kichocho kimeenea sana kandokando ya Ziwa Victoria. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi bila kuuma, na dakika chache zinatosha. Wakaaji wa mwambao hawana hiari, maji ni kazi na maisha yao. Wewe unayo. Kama ulishaingia zamani, dawa ipo, praziquantel, na kituo cha afya wanaijua vizuri. Zaidi ya hapo, kuna nyakati ambapo mawingu ya vijidudu vinavyoruka huinuka kutoka ziwani na kuja nchi kavu. Hawaumi, ila funga mdomo na vaa miwani isiyo na rangi.

Mahali pa kuanzia, kama unaniuliza, ni barabara ya mwambao wa kaskazini: uwanja wa ndege, Igombe, Kayenze, kisha Nyanguge kwenye barabara kuu ya Musoma, jumla zaidi ya kilomita 40 ukihesabu kutoka uwanja wa ndege. Ondoka mjini jua linapochomoza. Hadi Igombe na Kayenze upepo wa nchi kavu utakuwa mgongoni, na kandokando ya barabara kuna vijia vya mchanga na mawe vya kujaribia yote niliyoeleza, wakati kina mama wakianika dagaa waliovuliwa usiku. Kula Kayenze, subiri kivulini mpaka upepo ugeuke, kisha elekea bara hadi Nyanguge ukisukumwa na ziwa. Kutoka Nyanguge kurudi mjini kuna lami, malori, na upepo ule ule sasa usoni. Sehemu hiyo sioni sababu ya kuipanda. Simamisha basi dogo lenye karia juu, patana nauli ya baiskeli kabla kondakta hajaifunga, na hakikisha cheni imetazama upande usio na magunia ya watu.